Moto wa Kuotea Mbali

Kinyonga hapigi kelele anapoungua. Mbuzi akiguswa na kaa hulia, paka huruka, mtoto hupiga yowe hadi nyumba ya tatu wakasikia. Kinyonga hubaki palepale juu ya tawi, macho yakizunguka huku na huku, ngozi ya mgongo ikiiva taratibu chini ya taa, na mwenye kumfuga akipita mbele ya kizimba hudhani mnyama wake anaota joto kwa raha zake. Jeraha lenyewe huchelewa kujitokeza. Siku ya kwanza ni baka lililopauka, au lililokoza kidogo kuliko ngozi ya pembeni. Siku kadhaa baadaye linakuwa jeusi, gumu, linaanza kubanduka, na hapo ndipo mtu anashtuka na kuuliza kimetokea nini.

Jambo hili lilinifikia Magomeni kwa njia ya simu. Binti wa kaka yangu anaishi Leipzig, Ujerumani, na anafuga kinyonga wa Yemen, wa jamii inayozaliwa vizimbani hukohuko Ulaya na kuuzwa madukani. Nilikuwa nashuka kituo cha mwendokasi cha Magomeni Mapipa jioni aliponipigia.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Mbona sauti hiyo?"

Akanitumia picha. Juu ya kishungi cha kichwa na kwenye uti wa mgongo kulikuwa na mabaka meusi, kila moja ukubwa wa punje ya kunde. Aliniuliza mimi kwa sababu amekulia uani kwetu, na anakumbuka jinsi nilivyokuwa nikiwazuia watoto wasimpige mawe kinyonga wa kwenye mpera. Nilimwambia picha haitoshi, ampeleke kwa daktari wa wanyama. Kesho yake daktari alimwangalia na kusema ni moto wa taa. Duka lilimuuzia kizimba kikiwa tayari kimefungwa kila kitu, na balbu ya joto ilikuwa ndani, kiganja kimoja tu juu ya tawi la juu kabisa.

Tangu siku hiyo nimelifikiria sana suala la taa na kinyonga, kwa sababu niliyokuwa nikiyaona uani miaka yote yalipata maana mpya.

Kinyonga tunayemwona Dar es Salaam, wa kijani au wa kahawia, mwenye mikunjo ya ngozi nyuma ya kichwa, wataalamu humwita Chamaeleo dilepis, naye ameenea eneo kubwa la Afrika kusini mwa Sahara. Magomeni bado yupo palipobaki mti: kwenye michongoma, kwenye mipera na mistafeli ya nyua za zamani, ingawa kila ghorofa jipya linakuja na zege hadi ukutani na kunguru hawamwachi. Ukitaka kumjua, mtazame saa moja asubuhi. Anatoka kwenye ncha ya tawi alikolala akiwa amepauka, anageuza ubavu upande wa jua, anajibana mwili uwe bapa na mpana, kisha ubavu ule unakoza rangi hadi kuwa mweusi ili unywe joto. Watu wengi wanaamini anabadilika rangi ili afanane na alipokaa. Kwa kiasi kikubwa rangi yake ni lugha ya joto na hasira na uchumba. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Geneva walionyesha kuwa ndani ya ngozi ya kinyonga kuna chembe zenye fuwele ndogo mno, na mpangilio wa fuwele hizo ukilegea au kukaza, mwanga unaorudishwa hubadilika rangi. Akishapata joto la kutosha anapauka tena ili asipokee zaidi, na kufikia saa nne ameshaingia majanini. Jua la mchana likimkuta mahali pa wazi hufungua kinywa, akihema kutoa joto, huku akitafuta kivuli hatua kwa hatua.

Mara mbili kwa mwaka, mapema mwezi Machi na karibu na wiki ya pili ya Oktoba, jua la mchana hupita juu kabisa ya utosi wa Dar es Salaam, na nguzo ya umeme inakosa kivuli. Hata siku hizo sijawahi kumwona kinyonga wa uani akiwa na baka la moto. Jani liko nusu hatua kutoka kwake. Anajua kipimo chake, na hakuna anayemzuia kuondoka.

Kuna kitu kingine ninachokiona kuwa kiini cha jambo lote. Jua liko umbali wa takriban kilomita milioni 150. Kinyonga akipanda kutoka tawi la chini hadi kilele cha mwembe, hajalisogelea jua kwa kiasi chochote cha maana. Kwa vizazi vyote vya vinyonga, kupanda juu kulimaanisha mwanga zaidi, lakini kamwe hakukumaanisha moto ulio karibu zaidi. Balbu haifuati kanuni hiyo. Balbu ndogo, ukipunguza umbali kwa nusu, joto linaloifikia ngozi linakaribia kuwa mara nne. Kinyonga aliyekuwa salama sentimita 30 kutoka kwenye taa yuko hatarini kwenye sentimita 15, na njia kati ya hapo na hapo ni hatua chache za mguu wake. Anapanda kama mababu zake walivyopanda, kwa kuamini kuwa kilichoko juu hakisogei.

Ongeza na baridi ya Ulaya. Chumba kikiwa na ubaridi, mnyama anataka mwili mzima ufike joto linalomfaa, na sehemu ya ndani ya mwili wake inachelewa kulipata. Kwa hiyo anaendelea kukaa chini ya taa muda mrefu ilhali sehemu iliyo karibu nayo, yaani kishungi, uti wa mgongo na wakati mwingine bega, imeshapita kiwango chake. Ndani bado anasikia baridi, nje anaungua. Wapo wanaoning'inia kichwa chini miguu juu kwenye wavu wa dari ya kizimba, na hao huungua vidole na tumbo pale taa inapokuwa imelazwa moja kwa moja juu ya wavu.

Binti yetu alibadilisha mpangilio wote, na nilimfuatilia hatua kwa hatua kwa simu kwa sababu nilitaka kuelewa. Balbu ilitoka ndani ya kizimba ikawekwa nje, juu ya wavu, ikiinuliwa kwa kigingi ili isiuguse. Tawi la juu lilishushwa. Kipimajoto kiliwekwa mahali mgongo wa kinyonga unapofika akiwa amesimama juu ya tawi lile, kwa kuwa kipimajoto kilichobandikwa ukutani mwa kizimba kinapima ukuta. Kwa kinyonga wa Yemen aliyekomaa wafugaji wazoefu hulenga nyuzi 29 hadi 31 hivi za Selsiasi pale pa kuotea, na sehemu nyingine ya kizimba ibaki na ubaridi wa kawaida wa chumba, ili akitoka kwenye joto apate pa kwenda. Mkono wako nao ni shahidi: uweke kwenye tawi lile, kiganja kikiangalia chini, dakika moja. Ukiona nyuma ya kiganja inakuwasha, joto limezidi. Holda iwe ya kauri, ya plastiki inayeyuka, na waya usining'inie mahali mnyama anaweza kuushika.

Joto na mwanga ni vitu viwili, na wengi huvichanganya. Kinyonga anahitaji pia miale ya urujuanimno, ile inayoitwa UVB, ili ngozi itengeneze vitamini D3 na mwili uweze kutumia kalisi. Akiikosa, mifupa inalainika, miguu inapinda, taya linalegea. Miale hiyo haionekani wala haisikiki kwenye mkono, na kioo cha kawaida cha dirisha kinaizuia karibu yote, kwa hiyo kumweka dirishani hakumpi kitu zaidi ya hatari ya kuiva kwa joto la kioo. Inatoka kwenye taa yake maalumu, ya mrija mrefu, inayolazwa juu ya kizimba kando ya balbu ya joto. Taa hiyo huendelea kuwaka vizuri machoni petu wakati miale yake imeshachakaa, ndiyo maana hubadilishwa kila baada ya mwaka hivi, ama mapema kidogo kwa zile dhaifu. Ikiwa kali mno au karibu mno, inachoma macho na ngozi kama jua la jangwani. Kinyonga anayefumba macho mchana anasema kitu, na anayemfuga asiache kusikia.

Usiku taa zote huzimwa. Hakuna nyekundu, hakuna ya bluu, hakuna kisingizio. Sisi tuliozaliwa digrii chache kusini mwa ikweta tunajua jinsi mchana na usiku vinavyogawana saa 24 karibu sawa kwa sawa, na kinyonga hupewa saa 12 hivi za mwanga na usiku wa giza na ubaridi ili apumzike.

Mwaka 2009 wanasayansi wa Marekani walichapisha utafiti kuhusu kinyonga wa Madagaska, Furcifer pardalis. Waliona kuwa wale waliokuwa na vitamini D3 kidogo mwilini walikaa kwenye miale muda mrefu zaidi, na waliokuwa nayo ya kutosha walijiondoa. Mnyama mwenyewe alipima na kuamua, ilimradi aachiwe nafasi ya kuingia na kutoka. Nilipoelewa hilo nilikaa kimya muda mrefu. Kazi ya mfugaji haikuwa kumpa kinyonga jua. Ilikuwa kumpa jua pamoja na kivuli, kisha kumwamini.

Jirani yangu anayefuga kuku wa nyama nyuma ya nyumba analijua hili bila kusoma utafiti wowote. Hutoka Kariakoo na balbu za vifaranga, akazitundika kwa kamba juu ya boksi, na kila baada ya siku kadhaa huipandisha kamba kidogo. Vifaranga wakirundikana chini ya taa, wana baridi. Wakikimbilia kingo za boksi wakihema, joto limezidi. Wakitawanyika na kula, amepatia. Anawasoma wao kabla ya kusoma kipimajoto. Lakini boksi lake ni pana. Ukimfungia kifaranga kwenye kikopo chini ya balbu ileile, umemwondolea lugha yake yote, naye atakufa akiwa anapendwa.

Ninaishi kati ya watu wanaopenda kwa kusogea. Magomeni ndivyo tulivyolelewa: mgonjwa hazungukwi na watu wawili, anazungukwa na mtaa mzima; mfiwa haachwi peke yake; mgeni hajiulizi atakula wapi. Ni jambo jema na sitaki liondoke. Hata hivyo nimeona pia watu wakiungua kwa upendo huo na wakakaa kimya. Bibi mgonjwa anayeletewa uji na kila anayeingia, na anaunywa wote kwa heshima. Kijana aliyefeli mtihani anayepewa nasaha na wajomba watano jioni moja. Mjane ambaye hajapata hata saa moja ya kulia bila kutazamwa. Hawapigi kelele. Wanakoza rangi kidogo, siku zinapita, halafu siku moja ngozi inabanduka na kila mtu anasema, mbona tulikuwa naye karibu sana.

Bibi yangu mzaa baba alikuwa na akili ya jambo hili. Nilipokuwa mdogo aliletwa nyumbani kwetu binti wa ukoo kutoka Lushoto, aje asome shule mjini. Sote tulimkimbilia. Huyu anamvuta kwenye redio, yule anamlisha, wengine wanamwambia aseme Kisambaa ili wacheke. Jua la Januari lilikuwa linawaka, naye alizoea ukungu. Bibi alimtafutia mkeka kwenye ukumbi wa nyuma, chini ya dari ya makuti, akatuamuru tumwache. "Atatoka mwenyewe," alisema. Chakula kilipelekwa, maji ya kuoga yalipelekwa, mlango uliachwa wazi. Alitoka mwenyewe, siku aliyotaka, akaenda kukaa kwenye baraza ya mbele na wenzake, na hadi leo ni mtu wa mtaa huu.

Namkumbuka huyo dada yetu kila ninaposoma habari za vinyonga wa Usambara, milima ya kwao. Mwezi Januari 2021, Austria ilitangaza kuwa maofisa wa forodha wa uwanja wa ndege wa Vienna walimkamata mtu aliyetoka Tanzania kupitia Ethiopia akiwa na vinyonga 74, wamefichwa ndani ya soksi na makopo matupu ya aiskrimu. Walitokea milima ya Usambara, wengine wakiwa wakubwa, wengine wana umri wa wiki moja. Walipelekwa kwenye bustani ya wanyama ya Schönbrunn kutunzwa; watatu hawakupona. Kwenye soko la magendo wangeuzwa kwa takriban Euro 37,000.

Fikiria walikotoka na walikokuwa wakipelekwa. Lushoto iko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Mwezi wa Julai watu wanalala na mablanketi na asubuhi wanatoka na makoti. Kinyonga wa misitu ile ameumbwa kwa ukungu, umande, majani mazito na jua la kudonoa. Kwa vinyonga wa milimani hata nyuzi 26 au 27 mahali pa kuotea zinatosha, na usiku wanataka ubaridi hasa. Lakini anayemnunua kwa siri hana wa kumuuliza. Anajua neno moja tu: Afrika. Na Afrika kwake ni joto. Kwa hiyo anamwashia balbu kali, mchana na pengine usiku, mnyama aliyetoka mahali pa sweta. Jambo hili linaniuma kuliko mengine yote, kwa sababu nalijua kwa binadamu. Ndugu zetu walioko ughaibuni wanalijua. Watu wanakupokea kwa jina la bara zima, wanakupa kile wanachodhani unakitaka, kwa nia njema kabisa, na hakuna aliyeuliza unatoka mlima gani.

Kisa cha Hawaii nacho kina la kufundisha. Mwaka 1972 mwenye duka la wanyama kisiwani Oahu aliletewa vinyonga wa pembe tatu kutoka Kenya. Walifika wamekonda na kukauka kwa safari, akawaachia kwenye bustani ya nyumbani kwake wapate nafuu. Wakapata jua, kivuli na mvua, kila mmoja akajipimia, wakapona. Kisha wakaenea. Leo wanahesabiwa huko kuwa wageni waharibifu, wanaokula wadudu na konokono wa asili wa visiwa vile. Kwa hiyo sisemi kila kinyonga wa kizimbani afunguliwe porini. Aliyezaliwa Leipzig hana pori la kurudi, na wa kwetu mahali pake ni kwetu.

Hapa nyumbani sheria iko wazi. Tanzania ilipiga marufuku usafirishaji wa wanyamapori hai kwenda nje mwaka 2016, na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inataka kibali kwa anayetaka kumshika au kumfuga mnyama wa porini. Kinyonga wa uani Magomeni hahitaji taa yako. Anahitaji mti usikatwe, na watoto waambiwe kuwa hana sumu na kumwona si mkosi wa mtu yeyote.

Kwa mwenye ndugu anayefuga kinyonga ughaibuni, ninalo ombi. Mpigie leo. Muulize taa iko ndani ya kizimba au nje. Muulize kipimajoto kimewekwa mgongoni kwa mnyama au ukutani. Muulize akisikia joto limemzidi anakwenda wapi. Na kama baka limeshatokea, asipake dawa ya meno, asipake mafuta ya kupikia wala asali, asibandue ngozi; ainue taa saa hiyohiyo na ampeleke kwa daktari wa wanyama anayejua reptilia. Kinyonga wa binti yetu alipona, magamba mapya yakaota taratibu, ila kishungi kimebaki na kovu.